Gari Limeshuka, Faida Imekwenda kwa Nani?

Chukua seti ya koilova, yaani shokapu na springi za kushusha gari, ya bei ya kati, ile inayouzwa kwa takriban dola 1,200 huko nje. Ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 5 ambao nchi za Ghuba zimekubaliana kuutoza, kisha badilisha kwa kiwango cha riyali 3.64 za Qatar kwa dola. Kabla hujalipa hata senti moja ya nauli ya mzigo, umeshakaribia riyali 4,600. Mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria ya Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Kwa hiyo shokapu nne na springi zake zinaweza kuzidi kipato cha miezi minne cha kijana anayezifunga.

Hesabu hiyo huwafanya wengi waamini kwamba fedha ya biashara ya kushusha magari imo ndani ya boksi. Boksi kweli lina bei kubwa, lakini kila mwenye simu anaweza kulinganisha bei yake kati ya Doha, Dubai na Osaka kwa dakika chache, na muuzaji hubanwa mpaka abaki na makombo. Faida inayodumu iko katika kazi inayokuja baada ya boksi kufunguliwa: kupima urefu wa gari, kupanga pembe za magurudumu, na kurudia vipimo baada ya springi kutulia. Kazi hiyo mara nyingi hutolewa kama nyongeza ya bure, au hurukwa.

Mteja Al Thumama, gereji Industrial Area

Al Thumama iko kusini mwa Doha, kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Hamad. Ulimwengu uliufahamu mtaa huu kwa uwanja wake wa mpira wenye umbo la kofia, kazi ya msanifu Ibrahim Jaidah, uliofunguliwa tarehe 22 Oktoba 2021 kwa fainali ya Kombe la Amiri. Hapo ndipo Morocco ilipoifunga Ureno 1-0 tarehe 10 Desemba 2022 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mashabiki wa siku zile walishuka kwenye metro kituo cha Free Zone kisha wakapanda mabasi, kwa kuwa reli haifiki uwanjani.

Wakazi wanaishi na hali hiyohiyo: huku ni kwa gari. Ni eneo la nyumba za familia na barabara pana. Kwa mfanyabiashara wa vipuri, hapa ndipo anapolala mteja. Kazi yenyewe huenda upande wa magharibi, Industrial Area, ambako mitaa inajulikana kwa namba na gereji zimepangana ukuta kwa ukuta. Kila anayetaka kushusha gari lake huishia huko, na bei hupangwa huko.

Tusisahau ukubwa wa soko. Qatar ni nchi ya Land Cruiser na Patrol, na sehemu kubwa ya fedha ya saspensheni hutumika kuyainua magari hayo yapande vilima vya mchanga vya Sealine. Bingwa wa mbio za Dakar wa nchi hii, Nasser Al-Attiyah, ameutia mchezo wa jangwani heshima ya kitaifa. Wenye Nissan 370Z, Toyota 86, Ford Mustang au Porsche 911 za kushushwa ni kundi dogo. Lakini ni kundi linalorudi gereji mara kwa mara, linalojua majina ya vipuri, na linalotumia fedha kwa mapenzi kuliko kwa haja.

Msimu wake nao unajulikana. Joto la kiangazi huwaweka watu ndani, na kuanzia Oktoba hali ya hewa ikipoa, magari hutoka. Uwanja wa mbio wa Losail, uliofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya pikipiki na kupokea Formula 1 kwa mara ya kwanza Novemba 2021, umewapa vijana sababu ya kutaka gari linaloshika kona badala ya gari la kupiga picha tu. Gereji yenye akili huagiza mzigo Julai na Agosti ili uwe rafuni Oktoba.

Kilichomo ndani ya boksi

Kushusha gari kuna njia tatu. Ya kwanza ni kukata springi za kiwandani au kuweka springi fupi na kuacha shokapu zilezile. Ni rahisi kwa mfuko, lakini shokapu hubaki ikifanya kazi kwenye kipande kifupi cha mwendo wake, karibu na mpira wa mwisho wa mwendo, na kila tuta huigongesha kwenye mpira huo. Ya pili ni koilova: shokapu na springi vilivyotengenezwa pamoja, mwili wake una nyuzi kama za bolti, na urefu wa gari hupandishwa au kushushwa kwa kuzungusha ringi. Ya tatu ni mifuko ya hewa yenye kompresa, ambayo humwezesha mwenye gari kulishusha mpaka chini akiwa ameegesha na kulipandisha anapoondoka.

Koilova ndiyo njia ya katikati na ndiyo soko lenyewe. Ngazi ya chini na ya kati inashikwa na watengenezaji wa Asia, kama BC Racing ya Taiwan na Tein ya Japani iliyoanza mwaka 1985. Juu yao wako Wajerumani KW, Bilstein na H&R, na Öhlins ya Sweden iliyoanzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976. Seti za ngazi hiyo ya juu hufika dola 3,000 na zaidi. Ukiongeza ushuru peke yake, dola 3,000 huwa karibu riyali 11,500 zikiingia Doha.

Tofauti ya bei ina sababu zake. Ngazi ya kati kwa kawaida huwa na kitufe kimoja kinachobadilisha ugumu wa shokapu kwa mibofyo, 16 kwa Tein Flex Z na 30 kwa BC ya mfululizo wa BR. Ngazi ya juu hutenganisha ugumu wa shokapu inapobanwa na inaponyooka, jambo linalohitaji valvu za usahihi zaidi. KW hutumia chuma kisichoshika kutu kwa miili ya baadhi ya seti zake, na katika mji wa pwani wenye unyevu wa chumvi hilo si pambo. Nyuzi zikishashika kutu, ringi haizunguki tena, na koilova ya kurekebishika inageuka shokapu ya kawaida iliyonunuliwa kwa bei ya ajabu.

Wakubwa wa dunia nao wamesoma soko. Oktoba 2024 Brembo, kampuni ya breki ya Italia, ilitangaza kuinunua Öhlins kutoka Tenneco ya Marekani kwa dola milioni 405, na ununuzi ukakamilika Januari 2025. Mtengenezaji wa breki anaponunua mtengenezaji wa shokapu, anataka kumuuzia mteja yuleyule kona nzima ya gari: breki, shokapu, na kesho elektroniki inayoviunganisha.

Njia ya mzigo

Kwa miaka mingi duka la vipuri la Doha lilikuwa tawi lisiloandikishwa la Dubai. Kontena lilitua bandari ya Jebel Ali, likagawanywa, na sehemu ya Qatar ikaja kwa lori kupitia mpaka wa Abu Samra au kwa meli ndogo. Tarehe 5 Juni 2017 mlango huo ulifungwa: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar. Mizigo ikalazimika kupitia bandari za Oman, Sohar na Salalah, au kuja moja kwa moja. Miezi mitatu baadaye Qatar ikazindua rasmi Bandari ya Hamad, kusini mwa jiji.

Vikwazo viliondolewa kwa Azimio la Al-Ula la Januari 2021, lakini somo lilibaki. Mwagizaji aliyejifunza kuongea na kiwanda cha Taiwan au Japani bila dalali wa Dubai hakuwa na sababu ya kurudi kwa dalali. Kwa vipuri vya Ulaya mambo yaligeuka upande mwingine kuanzia Novemba 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu na nyingi kuzunguka Afrika Kusini. Boksi la Kijerumani la haraka sasa huja kwa ndege, na nauli yake huonekana kwenye bei.

Sarafu nayo imefanya kazi yake kimyakimya. Riyali ya Qatar imefungwa rasmi kwenye dola tangu mwaka 2001, na yeni ya Japani ilishuka kutoka kama 110 kwa dola katikati ya mwaka 2021 hadi kupita 160 katikati ya mwaka 2024. Bila kiwanda kubadilisha bei hata kidogo, kipuri kilichoandikwa kwa yeni kilipungua karibu theluthi moja kwa mnunuzi wa Doha. Ongeza kwamba Saudi Arabia ilipandisha VAT hadi asilimia 15 mwezi Julai 2020 huku Qatar ikiendelea bila kodi hiyo, na utaelewa kwa nini vijana wa Doha wanapata vipuri vya Kijapani kwa bei inayowatamanisha majirani zao.

Faida hizo zote, hata hivyo, ni za kila muuzaji. Yeni ikishuka, imeshuka kwa maduka yote ya mtaa. Ndiyo maana bei ya boksi haiwezi kumtofautisha mfanyabiashara mmoja na mwenzake kwa muda mrefu.

Saa za fundi

Kufunga koilova kwenye gari la kawaida la michezo huchukua fundi mzoefu sehemu kubwa ya siku. Gari hupandishwa, magurudumu hutolewa, linki za stebilaiza hufunguliwa, bolti za chini na nati za juu hulegezwa, shokapu za zamani hutoka na mpya huingia. Aliyewahi kubadilisha shokapu za Corolla pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, anaweza kuifanya sehemu hii bila tabu.

Ugumu uko kwenye mambo manne ambayo hayaonekani gari likishakabidhiwa. La kwanza ni bushi za mpira. Bolti za mikono ya saspensheni zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira hukazwa ukiwa umejipinda; gari likishuka chini bushi hukaa imesokotwa wakati wote na hupasuka mapema. Bolti hizo hukazwa magurudumu yakiwa yamebeba uzito, katika urefu ambao gari litatembea nao. La pili ni kuchanganya mbano wa springi na urefu wa gari. Kwenye seti ambazo mguu wa chini huzunguka peke yake, urefu hubadilishwa kwa mguu huo. Anayezungusha ringi ya springi ili kushusha gari huifanya springi icheze ndani ya makao yake.

La tatu ni umbile la gari lenyewe. Nissan 370Z, kwa mfano, nyuma ina springi mahali pake na shokapu mahali pengine, hivyo kila upande una vipimo viwili vya kulinganisha. La nne ni mibofyo: huhesabiwa kuanzia mwisho mgumu, upande wa kushoto sawa na wa kulia, na namba huandikwa. Fundi asiyeandika atamrudishia mteja gari lenye miguu minne yenye tabia nne.

Sasa tazama bei ya saa hizo. Sheria Na. 17 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 20 Machi 2021, iliweka mshahara wa chini wa riyali 1,000, pamoja na 500 za makazi na 300 za chakula kwa mwajiri asiyevitoa mwenyewe. Sheria ya kazi inaruhusu saa 48 kwa wiki, yaani kama 208 kwa mwezi. Jumlisha yote, riyali 1,800 ugawe kwa 208, upate chini ya riyali 9 kwa saa. Siku nzima ya fundi wa ngazi ya chini kabisa haimfikii mwajiri riyali 70.

Fundi stadi hulipwa zaidi ya hapo, lakini kiwango hicho cha chini ndicho kinachotengeneza sakafu ya bei. Gereji yoyote yenye jeki na spana inaweza kufunga koilova kwa bei ya kutupa, na jirani yake akashusha zaidi. Vita ya bei ya kufunga haina mshindi. Wanaoiingia wanabanwa pande mbili: boksi lina faida nyembamba kwa sababu kila mtu analijua, na kufunga kuna faida nyembamba kwa sababu kila mtu anaweza.

Mashine ambayo wachache wanaijua

Gari likishuka, pembe za magurudumu hubadilika zenyewe. Kemba huongezeka, yaani gurudumu hulala kwa ndani upande wa juu. Tou nayo huhama: ncha za mbele za magurudumu huanza kuelekeana au kupeana mgongo. Kemba hula tairi polepole kwa upande wa ndani. Tou mbaya huliparuza tairi lote, na kwenye lami ya Doha ya mwezi Julai tairi pana la gari la michezo huisha kabla mwenye gari hajamaliza kujisifu.

Kurekebisha hayo kunahitaji vitu vitatu: mashine nzuri ya alaimenti (ya kupima pembe za magurudumu), vipuri vya ziada, na mtu anayejua anachokitafuta. Mashine za Hunter, Beissbarth au Corghi ni uwekezaji ambao gereji ndogo huutazama kwa mbali. Vipuri vya ziada ni lazima kwa baadhi ya magari. 370Z haina marekebisho ya kemba mbele kutoka kiwandani, na anayeishusha sana anahitaji mikono ya juu inayorekebishika. Hilo ni boksi la pili, lenye faida nono kuliko la kwanza kwa sababu mteja hakujua kwamba atalihitaji. Muuzaji mwaminifu humwambia mapema na kuuza yote mawili. Asiyesema huuza moja na kupoteza mteja.

Mtu mwenye ujuzi ndiye adimu zaidi. Mashine huonyesha rangi ya kijani namba zikiwa ndani ya vipimo vya kiwanda, lakini vipimo hivyo viliandikwa kwa gari la urefu wa kiwanda. Gari lililoshushwa sentimita tatu linahitaji uamuzi: linatembea mjini tu, au linakwenda Losail? Dereva ana kilo 60 au 110? Kwa wanaotaka usahihi wa mwisho, gari huwekwa juu ya mizani minne, linki za stebilaiza zikafunguliwa, na ringi za koilova zikazungushwa mpaka uzito ukagawanyika inavyotakiwa. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa isiyotumia kipuri hata kimoja. Bei yake karibu yote ni ujuzi.

Mali bila daftari huisha bila habari, na alaimenti bila karatasi ni vivyo hivyo. Gereji inayotoa karatasi ya vipimo vya kabla na baada, ikaandika urefu wa kila kona na mibofyo ya kila shokapu, na ikampangia mteja kurudi baada ya kilomita mia kadhaa springi zikishatulia, imepata mambo mawili kwa mpigo: ziara ya pili ya kulipiwa, na ushahidi siku mteja akilalamika. Boksi likishauzwa limekwisha. Daftari huleta mteja kila msimu, kila akibadilisha tairi, kila akigonga ukingo wa barabara.

Fahes na mkono wa sheria

Kuna gharama moja isiyoonekana kwenye stakabadhi. Gari binafsi likipita miaka mitatu hupelekwa ukaguzi wa kila mwaka Fahes, huduma iliyo chini ya kampuni ya mafuta ya Woqod, kabla ya kuhuisha istimara, yaani kadi ya usajili. Ukaguzi hugusa breki, taa, na mfumo wa saspensheni. Sheria ya Trafiki Na. 19 ya mwaka 2007 nayo haimpi mwenye gari uhuru wa kubadilisha umbile lake bila idhini ya mamlaka.

Seti nyingi za Ujerumani huja na hati za TÜV zinazotaja gari lipi na kushusha kwa kiasi gani. Hati hiyo inaonyesha kwamba kipuri kilipimwa. Si kibali cha Qatar. Gereji makini hulisema hilo kabla ya kupokea fedha, na humshauri mteja ahifadhi shokapu zake za kiwandani, kwa ajili ya ukaguzi na kwa ajili ya siku ya kuuza gari. Koilova zina faida moja hapa: zinaweza kupandishwa. Lakini kila kupandisha na kushusha ni alaimenti mpya, na mteja asiyeambiwa hivyo ataona amepunjwa.

Nafasi ya fundi wa Afrika Mashariki

Wakenya, Waganda na Watanzania wako Doha kwa wingi, wengi katika ulinzi, udereva, hoteli na usafi. Waliofika na ufundi wa magari wana jambo moja ambalo soko hili halijalitumia ipasavyo. Nairobi na Dar es Salaam ni miji ya kuinua magari: Premio au Fielder iliyotoka Japani huwekewa spesa ili ivuke mashimo na matuta, na fundi hujifunza kwa macho yake kwamba urefu ukibadilika, tairi huanza kuliwa upande. Elimu ya kushusha ni hiyohiyo, imegeuzwa.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2020 yaliondoa sharti la barua ya ruhusa ya mwajiri kwa mfanyakazi anayehama kazi. Utekelezaji umekuwa na malalamiko yake, lakini kwa fundi maana ni kubwa: ujuzi unaweza sasa kutafuta bei yake. Anayejua kufunga tu anashindana na kila mwenye spana kutoka Nepal hadi Ghana. Anayejua kuisoma mashine ya alaimenti, kupanga kona kwa mizani, na kuandika ripoti ambayo mteja wa Al Thumama ataielewa, anashindana na wachache.

Vyeti vya nyumbani, NITA kwa Kenya na VETA kwa Tanzania, vinafungua mlango wa gereji. Havimpi mtu kiti mbele ya mashine. Vyuo vyetu vikitaka kuwauzia vijana soko la Ghuba, kozi ya wiki chache ya alaimenti na saspensheni ingemwongezea fundi thamani kuliko cheti kingine cha jumla.

Panapobaki pengo

Eneo moja bado liko wazi: ukarabati. Shokapu za Öhlins na baadhi ya Bilstein zimetengenezwa zifunguliwe, zibadilishwe sili na mafuta, na zijazwe tena gesi ya naitrojeni. Vumbi na joto la Qatar huzimaliza sili mapema, na mwenye seti ya riyali 11,500 atalipia ukarabati kabla ya kununua nyingine. Benchi la kufanyia kazi hiyo na mashine ya kupima shokapu ni ghali, lakini gereji itakayokuwa navyo itapokea kazi kutoka kwa gereji zote nyingine, hata za washindani.

Kwa mnunuzi, ushauri ni wa vitendo. Usiulize bei ya kufunga peke yake. Omba stakabadhi yenye mistari minne: boksi, kufunga, alaimenti yenye karatasi, na marudio ya vipimo. Gereji inayosema mistari miwili ya mwisho ni bure, ama imeificha bei yake mahali pengine, ama haina mpango wa kuifanya. Na kwa mfanyabiashara hesabu ni ileile kwa upande wa pili: punguza bei ya boksi kadiri soko linavyolazimisha, lakini mistari hiyo miwili iandike, ilipishe, na ajiri mtu anayestahili kuisaini.